Umri Ulioandikwa Kwenye Filamu: Ulipimwa na Nani, kwa Mtoto Yupi?

Mzazi anayetaka kujua kama filamu inamfaa mwanawe hukutana na namba zinazogombana. Filamu ya nyoka mkubwa, Anaconda ya mwaka 1997, ilipewa alama ya miaka 13 Marekani na 15 Uingereza. The King's Speech ya mwaka 2010, inayosimulia habari za mfalme mwenye kigugumizi, iliwekwa Marekani katika kundi ambalo aliye chini ya miaka 17 haingii ukumbini bila mtu mzima. Uingereza ilimruhusu mtoto wa miaka 12 kuingia peke yake. Baadaye filamu kama hizi hufika Karatu, Tanzania, ndani ya flashi au memori kadi, bila jalada wala alama yoyote, mara nyingi zikiwa zimeshatafsiriwa kwa sauti ya DJ.

Ndiyo maana wazazi, walimu na wenye vibanda vya video hawaelewani. Wapo wanaoamini kwamba namba ikishaandikwa hakuna tena la kuuliza, na wapo wanaoiona kuwa mapambo ya Wazungu. Wengine wanangoja Serikali ipige marufuku. Swali lenyewe ni hili: je, alama za umri zinalingana na lugha, mapigano na vitisho vilivyomo katika filamu za familia? Na kama zinalingana huko zilikotungwa, zinalingana pia katika kata ya Qurus wilayani Karatu, ambako watoto wengi huongea Kiiraqw nyumbani na Kiswahili shuleni, huku Kiingereza cha filamu kikiwapita juu?

Chimbuko la madaraja

Madaraja ya filamu hayakutungwa na madaktari wala wataalamu wa malezi. Uingereza, bodi ya kwanza iliundwa mwaka 1912 na wafanyabiashara wa filamu wenyewe, waliochoka kuona kila halmashauri ikitoa uamuzi wake. Marekani, mpango wa sasa ulianzishwa mwaka 1968 na makampuni ya filamu, na wanaotoa alama ni wazazi walioajiriwa kwa kazi hiyo. Kila mmoja wao hujiuliza: wazazi wengi wa Marekani wangesemaje? Mwaka 1984 zilitoka Gremlins na Indiana Jones and the Temple of Doom, zote zikiwa na alama ya kumtaka mzazi awe mwangalifu tu. Wazazi walilalamika kwamba watoto wameogofywa kupita kiasi, na daraja la miaka 13 likazaliwa mwaka huohuo. Kwa hiyo daraja ni mapatano kati ya biashara na wazazi wa mahali fulani, kwa wakati fulani.

Wakati nao hubadilika. Katuni ya sungura ya Watership Down iliruhusiwa kwa watoto wote Uingereza mwaka 1978, lakini baada ya zaidi ya miaka 40 ikapandishwa daraja kwa sababu ya damu na vitisho vyake. Mary Poppins ya mwaka 1964 ilipandishwa mwaka 2024 kwa sababu ya neno la dharau kuhusu watu wa kusini mwa Afrika. Filamu hizo ni zilezile. Waliobadilika ni watu wazima wanaowapimia watoto.

Afrika Mashariki tulifika hapa kwa njia nyingine. Katika makoloni ya Waingereza barani Afrika, filamu iliweza kuruhusiwa kwa Wazungu na kukatazwa kwa Waafrika. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa filamu uliokuwa na makao yake Tanganyika ulitengeneza picha zilizodhaniwa kuifaa akili ya Mwafrika. Mtu mzima aliwekwa nafasi ya mtoto, na rangi ikafanya kazi ambayo leo hufanywa na umri.

Baada ya uhuru rangi iliondolewa, lakini mtambo wa ukaguzi ukabaki. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976. Chini yake, mtengenezaji huhitaji kibali kabla ya kupiga picha, na filamu ikikamilika hukaguliwa na kupangiwa daraja kabla ya kuonyeshwa. Zanzibar ina chombo chake, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Kenya ina bodi yake yenye madaraja ya watazamaji wote, uangalizi wa mzazi, miaka 16 na miaka 18. Vyombo hivi vyote vilirithi swali la "iruhusiwe au isiruhusiwe?" kabla ya kufikia swali la "inamfaa nani?" Swali la kwanza bado lina nguvu kuliko la pili.

Mizigo mitatu kwa namba moja

Ugumu wa kwanza ni kwamba namba moja hubebeshwa mizigo mitatu isiyofanana. Lugha, mapigano na vitisho havimgusi mtoto kwa njia moja, wala havisafiri kwa njia moja kutoka nchi hadi nchi.

Lugha. Wamarekani ni wakali kwa maneno. Tusi zito la kingono likitamkwa mara moja, filamu inaweza kubaki katika daraja la 13. Likirudiwa, kwa kawaida hupanda. Ndilo lililoikuta The King's Speech: mfalme anatukana mfululizo mbele ya mtaalamu anayemtibu kigugumizi, hakuna anayetukanwa wala kuumia, na hesabu ya matusi ikaamua daraja. Waingereza waliipa kwanza 15, kisha wakaishusha kwa kuzingatia kwamba matusi yale yalikuwa sehemu ya matibabu.

Hesabu hiyo ina maana ndogo kwa mtoto wa darasa la tatu asiyejua Kiingereza. Tusi linampita kama kelele nyingine. Lakini filamu ikitafsiriwa kwa sauti, mambo hugeuka. Tanzania ilimjua Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu. Kenya ina DJ Afro. Uganda ina VJ Jingo. Mtafsiri wa aina hii hafuati maneno ya filamu neno kwa neno. Anaeleza, anatania, anawapa wahusika majina ya mtaani, anamsifu steringi na kumkejeli adui. Akitaka, anaruka tusi lililokuwamo. Akitaka, anatia la nguoni ambalo halikuwamo, na kwa Kiswahili kumtukania mtu mama yake ni jambo zito kuliko matusi mengi ya Hollywood. Kwa upande wa lugha, basi, alama ya nje inapima sauti ambayo mtoto hataisikia na kuiacha ile atakayoisikia.

Mapigano. Hapa upungufu ni wa aina nyingine. Ngumi na risasi hazihitaji mtafsiri, zinafika kama zilivyo. Hata hivyo, daraja linaloaminiwa na wengi, lile la 13 la Marekani, limelegea kwa miaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Pediatrics, ulioangalia filamu zilizoongoza kwa mauzo, ulionyesha kwamba matumizi ya bunduki katika filamu za daraja hilo yaliongezeka zaidi ya mara tatu tangu mwaka 1985. Kufikia mwaka 2012 yalikuwa yamepita hata yale ya filamu za daraja la juu yake. Sababu ni ya kibiashara. Daraja la 13 halimfungii mlango kijana yeyote, kwa hiyo studio hupunguza damu na kubakiza risasi. Mtu anapigwa, anaanguka, hatumwoni akivuja damu wala hatuisikii familia yake ikilia.

Je, kifo kisicho na damu ni salama zaidi kwa mtoto? Wanaotetea wanasema hakiogofyi. Wanaopinga wanasema ndicho hatari zaidi, kwa kuwa kinaondoa gharama ya kuua. Watafiti wanaendelea kubishana juu ya ukubwa wa athari za mapigano ya skrini kwa tabia ya mtoto, lakini ubishi huo haufuti ukweli kwamba kipimo kinahesabu zaidi damu inayoonekana kuliko maana ya tendo. Home Alone ya mwaka 1990 inachukuliwa kuwa filamu ya familia. Ndani yake wezi wanachomwa na kupigwa vichwani mara kwa mara, kisha wanasimama na kuendelea. Kwa mtu mzima ni kichekesho, lakini mtoto wa miaka mitano bado hajui kwamba pigo kama hilo la kichwani linaweza kumuua mtu.

Vitisho. Huu ndio mzigo ulio mgumu kuliko yote kuupima. Wataalamu wa makuzi wanatueleza kwamba mtoto mdogo huogopa sura: meno, macho mekundu, mtu anayegeuka zimwi. Akifikia miaka minane au tisa, hofu huhamia kwa yale yanayoweza kumtokea kweli, kama kutekwa, moto, au kufiwa na mzazi. Ndiyo maana filamu isiyo na zimwi hata moja inaweza kumkosesha usingizi mtoto mkubwa, huku mdogo wake akiitazama bila wasiwasi.

Bodi ya Uingereza huilegezea filamu ikiwa kitisho ni cha kubuni, kwa hoja kwamba mtoto anajua mambo hayo hayapo. Hoja hiyo inadai jamii ambayo wakubwa nao wanasema hayapo. Katika sehemu nyingi za Tanzania mtoto husikia habari za wachawi, mizimu na fisi wanaopandwa usiku kama habari za jirani, zikisimuliwa na watu anaowaheshimu. Filamu za kutisha za Mussa Banzi, Nsyuka na Shumileta, zilipata watazamaji mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kuwa zilitumia hofu zilizokuwapo tayari vichwani mwa watu. Kwa mtoto kama huyo, ubuni haumpunguzii hofu hata kidogo.

Kinyume chake pia ni kweli. Simba kumrarua nyumbu ni tukio linaloweza kuwatia wasiwasi wazazi wa London. Kwa mtoto wa kando ya Ngorongoro aliyezoea kuona ng'ombe akichinjwa na kusikia habari za mifugo iliyoliwa na fisi, hilo ni jambo la kawaida. Lakini filamu ya tembo mwenye hasira, ambayo mjini ni burudani, humkumbusha mtoto wa kijiji kinachopakana na msitu usiku ambao tembo waliingia shambani.

Ushauri au marufuku?

Ugumu wa pili ni nguvu ya alama yenyewe. Namba 13 ya Marekani ni onyo kwa mzazi, na mtoto wa miaka minane hakatazwi tiketi. Alama 12A ya Uingereza inamruhusu aliye chini ya umri huo akiongozana na mtu mzima, ilhali 15 inamzuia kabisa aliye chini yake katika ukumbi wa sinema. Nchini Kenya, 18 ni marufuku kwa mtoto. Mtu akiziona namba hizi zote kwenye skrini ya simu yake, hana namna ya kujua ipi inamshauri na ipi inamkataza. Matokeo yake, wengi huzichukulia zote kuwa ushauri, na wachache huzichukulia zote kuwa sheria. Makundi yote mawili yamekosea.

Misimamo minne

Msimamo wa kwanza unasema bodi ya taifa ndiyo iamue. Nguvu yake ni kwamba bodi inaijua jamii, ina mamlaka ya kisheria, na inaweza kumwajibisha mwonyeshaji. Udhaifu wake ni kwamba bodi hujikuta ikipima maadili ya jumla kuliko athari kwa mtoto. Mwaka 2017 bodi ya Kenya iliagiza katuni sita ziondolewe hewani, zikiwamo Adventure Time na The Loud House, kwa madai kwamba zinaeneza ushoga. Mwaka 2018 ikaipiga marufuku filamu ya Wanuri Kahiu, Rafiki, hata kwa watu wazima, na Mahakama Kuu ikairuhusu kuonyeshwa kwa siku saba tu. Mtu anaweza kuunga mkono au kupinga maamuzi hayo, lakini hayamsaidii mzazi anayeuliza kama katuni fulani itamfanya mwanawe wa miaka sita ashindwe kulala.

Msimamo wa pili unamwachia mzazi. Nguvu yake haikanushiki, kwa kuwa hakuna bodi inayomjua mtoto kuliko mamaye. Lakini unadai mzazi aione filamu kwanza, awe na muda, na awe karibu mtoto anapotazama. Mzazi anayeshinda shambani au anayewapeleka watalii hifadhini hana nafasi hiyo. Tena mtoto wa jirani ana simu, na kibanda kiko njiani kutoka shuleni.

Msimamo wa tatu unataka tufuate alama za nje kwa kuwa zipo tayari. Ni rahisi, hauna gharama, na unahusu maelfu ya filamu ambazo bodi zetu hazitafikia. Kasoro zake zimeshaonekana: ukali juu ya matusi ya Kiingereza, ulegevu juu ya bunduki, na dhana ya kigeni kuhusu kilicho cha kubuni.

Msimamo wa nne unataka filamu ielezwe kilichomo, pamoja na namba au badala yake. Uholanzi ilianza mwaka 2001 kuweka, kando ya umri, picha ndogo zinazoonyesha kama mna mapigano, vitisho, lugha chafu, ngono, ubaguzi au dawa za kulevya. Mzazi anayehofia vitisho anaviona, na asiyejali matusi anapita. Udhaifu wake ni kwamba unamtegemea anayejaza maelezo awe mkweli, na picha nyingi zikibandikwa kila mahali macho huzizoea.

Sheria inapofika kibandani

Misimamo yote minne ina dhana moja iliyofichika, kwamba filamu hupita mlangoni ambapo kuna mtu wa kuangalia alama. Huko Ulaya mlango huo ulikuwa ukumbi wa sinema, kisha duka la kanda. Kwa mkazi wa Qurus, ukumbi wa sinema wa kisasa uko Arusha, zaidi ya kilomita 100. Filamu humfikia kwa njia tatu: kibanda, king'amuzi na kadi ya simu.

Kibandani filamu huchaguliwa kwa kuangalia nini kinajaza mabenchi. Mpira ukiisha, zinafuata filamu za mapigano, na mtoto aliyelipa kiingilio hahojiwi umri. Commando ya mwaka 1985, iliyopewa daraja la 18 Uingereza, ni miongoni mwa filamu zilizofahamika na watoto wa Afrika Mashariki kwa njia hii. King'amuzi kina unafuu, kwa kuwa kituo kinawajibika kisheria na kina ratiba, na tamthilia za Kituruki au Kihindi zilizotiwa sauti za Kiswahili hupitia mikono ya wahariri. Kadi ya simu haina msimamizi. Fundi wa kuingiza filamu hujaza kumi kwa mkupuo, katuni na filamu ya damu zikikaa kando kwa kando.

Sheria ya mwaka 1976 haikukisahau kijiji. Iliweka pia bodi za mikoa na wilaya, ili ukaguzi usibaki Dar es Salaam. Kwa hiyo chombo cha karibu kipo kwenye vitabu, kikimtegemea ofisa utamaduni. Lakini wilaya yenye vijiji vilivyotawanyika kutoka nyanda za juu hadi bonde la Eyasi haiwezi kuweka mkaguzi katika kila kibanda, na faini ya mara moja humfanya mwenye kibanda afunge dirisha, asibadilishe filamu.

Kuzipima hoja

Tukirudi kwenye swali la msingi, jibu linagawanyika. Kwa lugha, alama za nje hazitufai sana, kwa sababu filamu inayosikika hapa imetengenezwa upya na mtafsiri. Kwa mapigano, zinafaa kama kiwango cha chini: filamu ambayo hata Wamarekani wanaiona kali, hapana shaka ni kali. Kinyume chake hakishiki, kwa maana alama nyepesi haithibitishi kwamba filamu ni nyepesi. Kwa vitisho, alama ni makisio tu, kwa sababu hofu ya mtoto hutegemea umri wake, mazingira yake na yale aliyoambiwa na wakubwa kuwa ni kweli.

Hapo ndipo gharama za kila njia zinapoonekana. Tukikaza marufuku, tunampa mzazi utulivu wa jina tu, na filamu zinahamia kwenye simu ambako hakuna mtu mzima kabisa. Tukiacha kila kitu kwa mzazi, tunamlinda mtoto wa aliye na muda na kumwacha wa asiye nao. Tukiweka maelezo ya kina, tunaongeza kazi kwa bodi ambayo tayari ina mengi. Njia isiyo na hasara haipo.

Kwa maoni ya mchambuzi huyu, hasara ndogo kuliko zote ni kuoanisha msimamo wa kwanza na wa nne. Bodi ibaki na mamlaka ya marufuku kwa filamu chache zilizo wazi kuwa za watu wazima. Kwa nyingine, itoe sentensi moja au mbili za Kiswahili chepesi: "Mna mtu anayegeuka mnyama, mtoto wa chini ya miaka saba ataogopa," au "Watu wengi wanapigwa risasi, damu haionekani." Sentensi hizo zinasomeka kwa ujumbe wa simu, zinatangazika redioni, na zinabandikika ukutani mwa kibanda.

Pia mtafsiri ahesabiwe. Ikiwa sauti yake ndiyo filamu ambayo watu wanaisikia, basi kazi yake nayo ipangiwe daraja, na mwenye lugha safi apewe alama ya kumtangaza. DJ anayejua kwamba shule na nyumba za ibada zinaweza kununua toleo lake ana sababu ya kuacha matusi kuliko yule anayetishiwa tu. Uwezo wa mtafsiri kumtuliza mtoto, kwa kumwambia kwamba zimwi lile ni mtu aliyevaa ngozi, ni kinga ambayo bodi za nje hazikuwahi kuwa nayo.

Na kibanda kitambuliwe kama ukumbi wa watoto pia, kwa saa zake. Mwenye kibanda akipewa ratiba rahisi, mchana katuni na filamu za familia, usiku za wakubwa, anakuwa na jambo analoweza kulitekeleza. Mwenyekiti wa kitongoji anaweza kusimamia saa. Umri wa kila mtoto aliyeketi gizani haumo katika uwezo wake.

Muhtasari

Madaraja ya umri ni makadirio ya watu wazima wa nchi fulani kuhusu watoto wao. Yanagongana kwa sababu kila nchi inaogopa jambo lake: Marekani matusi, Uingereza vitisho na damu, bodi za Afrika Mashariki maadili. Katika filamu za familia, alama hizo zinapungukiwa zaidi kwenye lugha, kwa kuwa tafsiri inabadilisha kila kitu. Kwenye mapigano zinafaa kiasi, lakini zimelegezwa na biashara. Kwenye vitisho zinabahatisha. Marufuku peke yake haifiki kibandani wala kwenye kadi ya simu, na mzazi peke yake hawezi kuwa mkaguzi wa kila skrini. Kinachoweza kufika huko kwa gharama nafuu ni maelezo mafupi ya Kiswahili kuhusu kilichomo, daraja linalomgusa pia mtafsiri, na saa za watoto zinazosimamiwa na uongozi wa kijiji. Namba itaendelea kuwapo, nayo ina kazi yake: kumwambia mzazi aanzie wapi kuuliza.